Viazi Vilivyopondwa kwa Rungu

Karatu,
9 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, yeyo wangu, na wote wa boma. Ng'ombe hawajambo? Mbuzi je? Yule ndama mwekundu aliyezaliwa nikiwa naondoka, bado anamsumbua mama yake? Mimi huku ni mzima kabisa. Baridi ya Karatu ni ya kitoto ukiilinganisha na ya kwetu Nainokanoka. Wenzangu wanavaa makoti mawili mawili, mimi nawacheka.

Kazi ya ulinzi hotelini inaendelea vizuri. Asubuhi ukungu unashuka kutoka kreta, unapita juu ya mashamba ya kahawa na kuingia hotelini bila kubisha hodi. Nasimama nikiutazama mpaka nasahau nimetumwa nini. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita mtoto wa mawingu, kwa sababu nilipoteza mbuzi nikitazama angani? Sijapona ugonjwa huo. Juzi nimeota ng'ombe wetu wamepanda juu ya ukungu, wanaula kama majani, na wewe umekaa pembeni huna wasiwasi wowote.

Msalimie yeyo. Mwambie nakula.

Mwanao,
Senteu

*

Nainokanoka,
2 Machi 2024

Mwanangu Senteu,

Ng'ombe hawajambo. Nimeanza na wao kwa sababu najua ndio uliowauliza kwa moyo. Mbuzi hawajambo. Mama yako Nailantei hajambo, amenisimamia hapa anataka niandike kwamba ule vizuri. Ule vizuri. Haya, nimeandika.

Simu yangu haipati mtandao, na kupanda kilimani nikapige kelele kama mtu aliyepotelewa na punda sipendi. Barua inatosha. Dickson, dereva wa hoteli yenu, anapita huku na watalii wake, atazibeba.

Nimemkabidhi rungu lako. Nimelichonga mwenyewe, mti ni olorien, ule mgumu ambao mama yako anasafishia vibuyu vya maziwa kwa vijinga vyake vya moto. Nimekaa nalo wiki tatu. Askari akisimama getini mikono mitupu, wageni watadhani na yeye ni mgeni.

Nimewaambia wazee wa rika langu kwamba mwanangu anawalinda wazungu wasiliwe na simba. Supeet aliniomba nirudie, na kumfanya Supeet asikilize unajua si kazi ndogo.

Baba yako,
Parmuat

*

Karatu,
21 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Kile kifua cha msimu wa mvua kimekuachia? Poleni na matope. Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Rungu limefika salama. Ni zito, na linakaa mkononi kama vile lilizaliwa hapo. Asante sana, baba. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika.

Lindo langu liko karibu na jiko, kwa hiyo naona mengi. Mpishi mkuu ni mama mmoja Mwiraqw wa Buger, anaitwa Hyasinta, aliyejifunza kupika ujanani kwa sista wa Kiitaliano. Ana chakula chake cha viazi kinachoitwa nyoki. Viazi vinachemshwa na maganda yake ili visinywe maji. Vinamenywa vikiwa vya moto hata kama vidole vinalia, vinapondwa hapo hapo, kisha vinatandazwa mezani mvuke utoke. Yai, chumvi, na unga kidogo tu, maana ukizidisha unatafuna mawe. Unaviringisha donge liwe kamba, unakata vipande vya kiungo cha kidole gumba, unavibonyeza kwenye uma vipate mifereji ya kushikia sosi.

Na hiyo sosi, baba! Ni nyama ya muundi, ile ngumu ya ng'ombe, na vitunguu vya Baray, karoti na nyanya, juu ya moto mdogo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri. Haitakiwi ichemke kwa nguvu. Inatoa povu moja, inanyamaza, inatoa jingine. Napenda kuisikiliza, na nikiisikiliza sana naona kabisa niko nyumbani, nimelala chali majanini na ng'ombe wanacheua karibu yangu. Nyoki nazo zikitumbukizwa kwenye maji zinazama, zinapotea, halafu moja moja zinapanda zenyewe bila haraka, na ndipo unajua zimeiva. Siku nyingine nazitazama mpaka Hyasinta ananiita mara tatu.

Haya yote nayaona nikiwa lindoni tu.

Mwanao,
Senteu

*

Karatu,
30 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na yeyo ni wazima. Mimi mwili ni mzima.

Jana Dickson alirudi kutoka huko. Nilipomuuliza barua yangu iko wapi, akainama kukagua matairi. Baadaye akasema. Kuna video aliyoipiga jikoni kwetu, imesambaa mpaka Nainokanoka, na wewe umeionyeshwa dukani kwa Yohani, mbele ya watu. Kwa hiyo umeniona nimevaa aproni na kofia nyeupe, unga umefika kwenye nyusi, naponda viazi kwa rungu ulilonichongea.

Sitakudanganya tena. Nilikuja Karatu kuwa askari, hilo ni kweli. Mwaka jana jikoni walipungukiwa mtu, Hyasinta akaniita nimenye viazi. Nikamenya, na getini sikurudi. Mimi ni mpishi, baba. Siku ile ya video mchi wetu wa kupondea ulivunjika, wageni ni arobaini, na viazi vikipoa havifai tena. Nililiosha rungu kwa maji ya moto mara mbili. Najua kuliosha hakusaidii kitu kwako.

Niliogopa kukuambia kwa sababu najua watasema mwana wa Parmuat anafanya kazi ya wanawake. Lakini olpul porini, wanaume wakiwa peke yao na ng'ombe aliyechinjwa, nani anakaa na sufuria? Si wewe uliyenifundisha kwamba supu haikimbizwi?

Sikuombi uifurahie kazi yangu. Natamani siku moja ule chakula changu ukijua ni changu, na usione aibu. Nikikosa hilo, hata wageni wakinisifu naona wanamsifu mtu mwingine.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Senteu

*

Karatu,
11 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Dickson amepita kwenu mara tatu na amerudi mikono mitupu mara tatu.

Sina neno jipya. Leo ukungu ulikaa mpaka saa sita, hata mti ulio karibu na dirisha la jiko ulipotea. Nilipika nikizungumza na wewe kichwani. Huko kichwani unajibu vizuri sana.

Mwanao,
Senteu

*

Nainokanoka,
3 Septemba 2024

Senteu,

Ng'ombe hawajambo. Mama yako hajambo ila hanisemeshi tangu Julai, kwa sababu yako, kwa hiyo nyumba imetulia.

Nilikasirika. Naandika hivyo ili usidhani nilikuwa mgonjwa. Na habari za olpul usinifundishe, nimechemsha supu ya mizizi porini kabla hujafikiriwa. Kule tunapika tunachokula wenyewe. Wewe unapikia wageni, tena viazi, kitu cha kuchimbwa. Kwetu kuchimba ardhi ni mwiko, zamani hata kaburi hatukuchimba.

Lakini ile video nilimwomba Yohani airudie. Mara ya kwanza nilitazama rungu. Mara ya pili nilikutazama wewe, nikaona umekonda. Kuanzia mara ya tatu nilitazama vile vitu vyako vikipanda juu ya maji, na yule bibi wa kizungu, mzee kuliko mimi, akila. Alikuwa hatafuni, Senteu. Anaweka mdomoni, anafumba macho, kimekwisha. Nilirudia kumtazama mpaka Yohani akasema simu inaisha chaji.

Sasa nakuambia jambo analolijua mama yako tu. Magego yangu yameisha. Ya mbele mawili yanacheza. Huu ni mwaka wa pili sijameza nyama. Wazee tukichinja napokea fungu langu, nalizungusha mdomoni, kisha nalitemea ndani ya shuka wasipotazama na kumpa mbwa. Mzee asiyeweza kula nyama na rika lake, wanamwita wa nini? Siku moja watagundua na hawataniita. Nikisinzia mchana na mifugo, naota natafuna. Ndoto yenyewe haina kitu kingine, ni kutafuna tu, mbavu moja ndefu isiyokwisha. Nikiamka nakuta taya linauma.

Swali langu ni moja: hiyo nyama ya kwenye sosi, inahitaji meno? Mpe Dickson jibu kwa mdomo aniletee, usiandike.

Kama haihitaji, njoo Oktoba. Nitachinja, nitawaita wenzangu watano. Viazi uje navyo, huku kulima hakuruhusiwi.

Baba yako,
Parmuat

*

Nainokanoka,
27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Ng'ombe hawajambo. Mama yako hajambo. Natumaini na wewe hujambo, ingawa sina uhakika, kwa kuwa hujaandika tangu ulipoondoka, na safari hii kunyamaza ni haki yako.

Nilisikia ulivyoiweka ile sufuria chini. Ulikuwa umesimama nyuma yangu Supeet alipouliza nani amepika, na mimi nikasema ni yule mama wa Buger, kwamba wewe umebeba tu. Ulikuwa umekaa na moto tangu jua linachomoza. Mikono yako ilikuwa na unga na wote waliuona, lakini mimi ndiye baba, nikishasema hivyo nani atabisha? Ukawanawisha wazee mikono mmoja mmoja, mimi wa mwisho, na hukunitazama. Asubuhi mama yako akaniambia umeshaondoka. Ukungu ulikuwa mzito, hata alama za miguu yako sikuziona.

Acha nikuambie nilivyokula. Nilichukua nyoki moja, nikaiweka juu ya ulimi, nikangoja ianze kunishinda. Haikunishinda. Ikayeyuka taratibu, na nyama ikaja nyuma yake na mafuta yake yote, nikaimeza. Nyama, Senteu! Nikachukua nyingine. Sauti za wenzangu zikaenda mbali, nikawa kama nimekaa porini na baba yangu, kijana, mdomo umejaa meno, na hakuna anayetaka kuondoka. Nilipofumbua macho bakuli lilikuwa tupu. Ndipo Supeet akauliza, na nikasema uongo mdomo ukiwa bado una ladha yako.

Nimekaa na jambo hilo siku nne. Lilinikaba kuliko mnofu wowote. Siku ya tano nikatembea mpaka kwa Supeet. Ukungu ulikuwa chini, nilikuwa siioni hata miguu yangu, nikawa natembea tu kama mtu anayebebwa. Nikawakuta wote watano wamekaa. Walinikaribisha, sikukaa. Nikasema, "Niliwadanganya. Aliyepika ni mwanangu Senteu. Ni mpishi, ndiyo kazi yake. Na nilikula vile kwa sababu sina meno."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke, ingekuwa rahisi. Supeet akasogea karibu, akafungua mdomo wake wote, akaonyesha kwa kidole. Senteu, mle ndani hamna kitu. Mwenzetu Sitonik naye akafungua, kisha na wale watatu waliobaki. Miaka yote hii tumekaa mduara mmoja tunatafuna hewa, kila mtu na shuka lake.

Wananiuliza utakuja lini. Nimewaambia siwezi kukuamrisha, maana nilikuvunjia heshima mbele yao, bali nitakuandikia na kukuomba. Sijawahi kumwomba mtoto wangu kitu, kwa hiyo kama nimekosea namna ya kuandika unisamehe, ingawa mama yako anasema ninasikika vizuri.

Njoo, mwanangu. Tuko sita, na hatuna hata gego moja.

Baba yako,
Parmuat