Saa Nane ya Fundi Mbaruku

Temeke, Jumatatu

Mzee Mbaruku,

Nakuamkia kwa kalamu, maana kwa mdomo nimechelewa. Ulipozikwa nilikuwa Morogoro kikazi. Nilirudi nikakuta hata khitma imeshasomwa.

Sanduku letu la kuchemshia maji kwa jua wameliteremsha kutoka paa la zahanati. Kioo kimevunjika, na yale mabomba uliyoyapaka lami yanyonye jua yametupwa uani. Mlinzi anafugia kuku ndani ya sanduku. Wakunga, waliokuwa wakingoja maji ya moto yasiyotaka kuni, wamerudia mafiga, na moshi unaingia wodini kama zamani.

Tulijaribu kwa siku arobaini. Wewe juu ya ngazi na kipimajoto, mie chini na fomu. Wapita njia walikutania, "Fundi, leo unapika jua?" Ukawajibu, "Nyie leteni unga tu." Siku moja ulipaza sauti, "Karani, saa nane! Andika na hili, kidole cha fundi kimeungua." Nilicheka, nikaandika digrii peke yake.

Kisha Bwana Injinia, yule Mzungu aliyesimamia jaribio letu, akaisoma fomu. Akasema mchana maji yetu ni baridi na usiku ndipo yanapochemka, basi fundi anachochea kuni chini ya pipa la maji. Akakufukuza. Njiani ukaniuliza, "Kuni hizo mie nilizitoa wapi?" Nami sikuelewa kitu.

Alhamisi iliyopita nilifungua shajara yangu, ambamo kila saa niliiandikia asubuhi au mchana, nikaelewa. Ulikuwa ukitaja saa zetu, nami nikizinakili vilevile kwenye fomu ya Kiingereza. Saa mbili ya asubuhi, maji yakiwa bado baridi, niliandika 2. Mzungu akaisoma mchana. Saa nane ya mchana, jua kali, niliandika 8, akaisoma usiku. Nimesoma sekondari miaka minne, mzee, nikashindwa kuongeza sita.

Nilikwenda ofisini na shajara. Injinia amekwisharudi kwao. Aliyekaa mahali pake hakuifunua hata ukurasa mmoja. Faili imefungwa, alisema, akanionyesha mlango kwa kalamu. Sitakudanganya: hakuna atakayelipandisha tena sanduku lile.

Kabla ya hayo yote, nilipokwenda kumpa pole mkeo, Bi Mwanaidi, aliniuliza mbele ya majirani, "Mwanangu, niambie kweli, alichochea?" Nilijua hukuchochea. Lakini zile namba zilikuwa zimenishinda, nami nilikuwa bado na kazi yangu. Nikatazama mkeka. Yeye akaelewa alivyoelewa.

Pumzika, mzee wangu. Ijumaa hii watu wakitoka msikitini nitasimama barazani kwa Bi Mwanaidi, nimjibu mbele yao wote kwamba kuni hazikuwapo, ulisoma sawasawa, na aliyekosea ni karani. Nakuahidi hilo, ingawa halikurudishii kitu. Wakiniuliza mbona nilinyamaza siku ile, nitawaambia niliogopa kufukuzwa kama wewe.

Karani wako,
Yohana