Kimya Hadi Saa Sita

Jumamosi jioni, nyumbani Nyalukemba



Binti yangu Furaha alinipeleka Katana, kwenye mapumziko ya yoga kando ya ziwa, ili tansio yangu, yaani presha, ishuke. Kanuni yao kuu: hakuna kusema hadi saa sita mchana.

Kama saa tatu na nusu asubuhi tulikuwa mikekani, tumefumba macho, mimi nikichungulia. Maman Nsimire, mpishi, akaja na birika, akamwinamia mwalimu wetu.

"Kaka, grand frère yangu, amekufa. Banamuzika leo, saa ine. Munipatie ruhusa."

"Chut, Maman! Mpaka saa sita hatusemi. Batu beko mu meditation."

Maman Nsimire akatumiminia chai mmoja mmoja, huku akilia. Sote tulikuwa tumesikia.

Kwetu, ukisikia msiba, unaweka jembe chini, hata kama uligombana na marehemu. Nimewafundisha watoto hilo miaka yote ya ualimu. Na leo nilikunywa kikombe changu hadi chini, kwa sababu kanuni ni kanuni. Mzee mzima!

Ndipo nikainuka, nikamnyang'anya birika.

"Pole sana, Maman. Twende."

"Papa, batakufukuza!"

"Wacha bafukuze."

Mwalimu akaweka kidole mdomoni. Kidole! Mbele ya mfiwa.

Tulipanda mlima hadi mazishini, haraka kadiri magoti yangu yalivyoniruhusu. Tulikuta jeneza limeshashushwa, wanarudishia udongo. Uso wa kaka yake hakuuona tena.

Tulichelewa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, na kikombe hicho kilikuwa changu.