Mtaa Wanaouhama

Minneapolis, Amerika

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa na makoti mawili mwilini, maana baridi ya hapa inaifanya ile ya kwetu chini ya Meru ionekane mchezo wa watoto. Mimi ni mzima. Je, ninyi? Mguu wako umeacha kuuma? Na yeyo, mama yangu, kifua chake kimetulia? Na mke wangu Namnyaki na mtoto, wanalala usingizi? Nijibu kweli, usinifiche kama ulivyonificha habari za yule fahali mwekundu aliyekufa.

Baba, uliniambia hutamruhusu Namnyaki kusafiri na mjukuu wako mpaka nimekagua mahali tutakapokaa, kama tunavyokagua malisho kabla ya kuhamisha ng'ombe. Nimekagua. Wanaonisomesha wamenipa nafasi ya kuchagua: nimalizie masomo hapa Minneapolis au Chicago. Miji miwili, na yote miwili naitilia shaka.

Nianze na hapa. Watu wa hapa wanatabasamu mno. Kanisani wananishika mkono na kuniuliza habari za simba (mimi simba nimemwona mara moja tu, tena mgongo). Lakini nikienda kuulizia nyumba ya kupanga, tabasamu linabaki na nyumba inatoweka. "Pole sana, imechukuliwa asubuhi hii." Naenda ya pili, nayo imechukuliwa asubuhi hii. Nikajiuliza, hawa wapangaji wanaamka saa ngapi? Nikapita tena wiki iliyofuata, kibao cha kupangisha bado kinaning'inia dirishani. Sasa niwalete mke na mtoto walale kwenye tabasamu?

Basi nikapanda treni kwenda Chicago. Huko mwanafunzi mmoja, Mwamerika mweusi aitwaye Walter, akanipeleka mtaa mzuri ajabu: nyumba za matofali, kila moja na nyasi zake mbele, miti kandokando ya barabara. Mwenye nyumba akanisukumia ufunguo mkononi bila hata kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Akataka nihamie haraka, kesho, hata leo. Hapo nikaingiwa na shaka. Nani anampa mgeni malisho mazuri hivyo, tena kwa haraka? Nikaangaza macho. Karibu kila nyumba ina kibao: inauzwa, inauzwa, inauzwa. Malori yanapakia vitanda. Lo! Mtaa mzima unahama.

Nikakumbuka unavyofanya wewe. Humwulizi anayekukaribisha, unamtafuta anayeondoka, unamwuliza ng'ombe wake wamepatwa na nini. Nikaanza kazi. Nikafungua bomba nikaonja maji, matamu. Nikapiga magoti kwenye nyasi kutafuta kupe, Walter akacheka mpaka akashika mbavu. Nikawatazama mbwa wa mtaa: wamenona, manyoya yanang'aa. Wasiwasi ukazidi. Kama si maji wala kupe, basi hapa pana jambo baya zaidi.

Kwenye nyumba ya jirani palikuwa na mzee wa Kizungu anafunga mizigo yake kwa kamba. Nikamwamkia kwa heshima, nikamwuliza, "Mzee wangu, mnakimbia nini hapa? Kuna homa? Nataka kuleta mke na mtoto, usinifiche."

Akanitazama. Kisha akatazama viatu vyake, masikio yakawa mekundu. "Hakuna homa, kijana," akasema, akapanda lori bila kuaga.

Nikamgeukia Walter. Hakuwa anacheka tena. "Loishiye, kweli hujui?" akaniuliza. "Wanatukimbia sisi weusi. Familia yetu moja ikiingia, wao wanatoka."

Baba, nilikaa chini palepale kwenye ngazi. Natafuta ugonjwa kwenye maji, kwenye nyasi, kwa mbwa, kumbe ugonjwa ni mimi niliyepiga magoti! Nilikasirika sana. Halafu nikacheka, Mungu anisamehe. Huko kwetu mlowezi akitaka bonde letu, sisi ndio tunaofungashwa virago na bwana shauri wa serikali ya Mwingereza anasimamia. Huku nimekuja na sanduku moja, na Wazungu wanafungasha wenyewe.

Mama mmoja mweusi wa nyumba ya ng'ambo alituona tumejiinamia, akatuletea sahani ya kuku. Naye nilimshuku, nikasubiri Walter ale kwanza. Yule mama akaona. "Kula, mwanangu," akasema. "Mimi sihami." Nikala.

Nimechagua Chicago. Usidhani nimeacha kushuku. Walter anasema hao Wazungu wakishamaliza kuondoka, hata takataka hazitazolewa vizuri, na yule mwenye nyumba simwamini hata kidogo. Lakini anayehama nimemwuliza, na anayebaki nimekula chakula chake.

Nisalimie yeyo, na baba mdogo mwenye mashine ya kusaga Ngaramtoni, na shangazi wa Olasiti aliyenipa blanketi, linanifaa sana. Mwinjilisti anayekusomea barua hii naye namsalimu, ila asiruke maneno.

Mruhusu Namnyaki aje. Mwambie maji nimeyaonja, kupe hakuna, na homa wanayoikimbia watu ni mume wake, ambaye yeye amekwisha kumzoea. Mtoto usimwambie kitu. Akifika akauliza kwa nini majirani wanahama, nitamjibu mwenyewe, nikishapata la kumwambia.

Mwanao anayekuheshimu,
Loishiye