Unipokee Stendi kwa Miguu

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, na saluni yangu inajaa, maana msusi kama mimi humpati hata ukivuka mipaka mitatu, na mimi nimeivuka yote. Shemeji yako anakusalimu, ingawa kwa sasa anakoroma.

Mwanao ameniambia kwamba tangu utolewe titi hutoki chumbani. Eti bibi wa miaka sabini aanze mazoezi ya nini? Dada, maneno kama hayo niliyasema mimi kabla yako, nilipotolewa langu, nimelala vivyo hivyo, mkono haupandi hata kushika kitana.

Daktari hakuniahidi uzima. Alisema tu kwamba mwili unaotembea hupigana vizuri zaidi. Basi nikawa natambaza vidole ukutani kila asubuhi, nikipanda kidogo kidogo, mpaka nikagusa msumari wa kalenda. Nililia, ila usimwambie mtu. Sasa natembea hadi sokoni na wenzangu tuliopasuliwa. Shemeji yako anatuita Jeshi la Titi Moja. Nikamwambia, "Basi mpigie jenerali saluti, kisha umtengee chai."

Nasikia nywele zako zilizoanguka kwa dawa za saratani zimeanza kuota tena. Asizishike mtu, nitazisuka kwa mkono huu huu. Nakuja Jumamosi. Unipokee stendi, kwa miguu, polepole, hata ukipumzika kila duka. Usipotokea nitakaa pale juu ya begi langu mpaka uje, na ukaidi wangu unaujua.

Mdogo wako,
Jenerali