Kitambaa Nilichofunikia Ruta Yako

Baba Neema wangu,

Huko uliko upumzike, ila hili nisikilize kwanza. Lina mwaka mzima kifuani.

Unakumbuka uliporudi likizo kutoka mgodini Bugarama na zile ruta mbili kuukuu, mashine za kuunganishia kompyuta, zilizotupwa na ofisi? Chumba chetu cha Kambarage hakikuwa hata na kabati, lakini kikawa na ruta. Ukazipanga mezani, ukasema mtihani wa cheti cha mitandao ya kompyuta hausomwi kwa kitabu peke yake, mpaka mkono uguse mashine. Mimi niliyeishia darasa la saba nikakushikia nyaya.

"Sasa hizi zinafanya nini?"

"Zinasalimiana. Hii inasema shikamoo. Ile ikiitikia marahaba, ujue njia imepita."

"Na isipoitikia?"

"Ina kiburi kama mama yako."

Tulicheka mpaka Neema akaamka. Ukasema pia kwamba zinapumua ubavuni, zisizibwe. Nikadhani ni utani uleule.

Siku uliyokwenda dukani kwa Mhindi kutafuta waya, uliziacha zinawaka. Vumbi lilikuwa linaingia kwa fujo. Nikachukua kitambaa nilichofuma mwenyewe, kile cha kufunikia redio, nikaifunika moja vizuri, nikakishusha pande zote hadi chini. Kitu cha thamani hakiachwi wazi, ndivyo nilivyolelewa. Nikaenda bombani. Niliporudi nilikuta harufu ya kuungua. Nikakitoa kitambaa, nikakificha chini ya godoro.

Ulirudi ukabonyeza, ukabonyeza tena. Kimya.

"Umeme huu umeniua, Mama Neema."

Nikasema, "Pole, baba." Basi. Pole tu.

Siku zilizobaki ulijisomea na mashine moja, majibu ya ile nyingine ukiyaandika mwenyewe kwa penseli. Ulipokwenda Dar kwenye mtihani ukafeli, tena palepale pa kuunganisha ruta mbili. Ulirudi na khanga uliyoninunulia mkononi, ukasema, "Mwakani." Kabla ya mwakani ikaja homa. Siku nne tu, tukakuzika kwenu Kishapu.

Msibani kaka yako aliwaambia watu, "Mdogo wangu alijitutumua bure, kichwa hakikuwa cha mambo yale." Hata hapo nikanyamaza, baba. Hata hapo.

Juzi Neema aliniuliza kwa nini mashine moja inawaka na nyingine haiwaki. Sijui nguvu nilizitoa wapi, nikamwambia yote. Akafikiri, kidole mdomoni.

"Baba anajua?"

"Hapana, mama."

"Sasa si umwambie?"

Ndiyo nakuambia. Ni mimi. Si umeme, wala si wewe. Nakulilia hadi leo, na nusu ya machozi ni ya hili. Kesho nampeleka Neema Kishapu, na nitalisema mbele ya kaka yako na mama yako. Wakinifokea, wana haki. Lakini mtoto akue akijua baba yake alikuwa na kichwa kizuri, maana naona amekirithi.

Nisamehe, ulale vyema.

Mkeo,
Mama Neema