Vidonge vya Mkojo na Posa ya Muleba

Ishengoma, rafiki yangu,

Leo nimepanda kwa miguu kutoka Rwamishenye hadi Kahororo bila kupumzika, moyo unadunda kama wa kijana anayekwenda kumwona mchumba.

Haya, uongo. Nimepumzika mara nne. Mara ya nne nilikaa kwenye ngazi za duka, mwenye duka akaniletea maji bila kuombwa. Ungekuwepo ungecheka mpaka meno yako matatu yote yaonekane.

Nami siku hizi ni mtu wa kliniki. Nesi ameniambia moyo wa mzee hukakamaa, haujai damu vizuri kama zamani, na ukishindwa kazi maji hujaa miguuni, halafu kifuani. Akaniuliza, "Babu, unalalia mito mingapi?" Nikakumbuka mito yako mitatu, mimi nikikuita bibi harusi. Miguu yako iliyovimba nikaiita miguu ya tajiri. Nilidhani ni uzee tu, waitu, ndugu yangu. Kumbe ulikuwa unazama na mimi nakuchekelea.

Lakini linaloninyima raha ni lile la Muleba. Ulikubali kuwa mshenga wa mjukuu wangu, na wiki ile tulikwenda kwa wenye binti mara tatu. Safari ya kwanza ukanionyesha vidonge vyako: "Hivi vya kutoa maji mwilini vinanikojoza kama mtoto." Nami kwa mdomo wangu huu nikakujibu, "Mshenga gani wa kumwagilia migomba ya wakwe? Watasema tumewaletea bomba!" Ukacheka, ukavirudisha mfukoni.

Wiki nzima hukuvimeza. Ulikaa wima mbele ya wazee wale, hukuinuka hata mara moja, na wakatupatia binti. Njiani kurudi ulikuwa unahema, huwezi kumaliza sentensi. Nikasema ni lubisi yao, ile pombe ya ndizi. Lubisi! Jumapili yake tukakuzika kibanjani kwako, kati ya migomba yako.

Mkeo, Ma Koku, alivikuta vidonge kwenye koti lako. Akaniuliza, "Shemeji, kwa nini hakuvimeza?" Nikamwambia sijui. Nilisema hivyo nikiwa nakula ndizi zake.

Mjukuu ameoa. Mimi nameza vyangu mbele ya watu, na nikibanwa naaga kikao naenda migombani, anayetaka kucheka acheke. Lakini sijui zimebaki siku ngapi kifuani humu, na sitaki kufa na ile "sijui" yangu. Kesho naenda Kagondo kumwambia mkeo ukweli. Nakuahidi, sitaweka utani hata kidogo.

Pumzika, mshenga wangu. Ila kumbuka, mimi ndiye niliyempelekea Ma Koku barua zako zote za ujana, mvua na jua, hata asante hukunipa. Basi nitendee hili moja: kwa njia yoyote mnayotumia huko, mwombe anisikilize mpaka mwisho kabla hajanifukuza.