Chaki Niliyoifuta

Nakuru, Jumanne, 1957. Mvua tangu asubuhi, hata ziwa halionekani. Moyo wangu mzito.

Leo huenda nimeua mtu. Sijui, na huko kutojua ndiko kunakonitafuna.

Kazi yangu ni kutunza friji ya damu hospitalini. Damu ikikaa kwenye chupa zaidi ya wiki tatu huchoka. Ukimwongezea mgonjwa, chembe za damu hiyo hufa upesi. Daktari wetu, Mwingereza mpole, alinieleza kuwa chembe nyekundu ni kama mzee asiye na jiko: haiwezi kujipikia tangu mwanzo, hungoja chakula kilichokaribia kuiva. Chakula chenyewe ni unga mweupe uitwao inosini, aliotumiwa na rafiki yake wa ng'ambo.

Tulikuwa na chupa mbili za kundi O, zimezeeka pamoja. Moja aliitia unga, akaichora mstari wa chaki, maana karatasi za gundi hubanduka kwa unyevu. Nyingine aliiacha ya kulinganisha tu.

Jana ilikuwa siku ya metroni, mkuu wa wauguzi, kukagua. Mimi najivunia usafi. Nilipangusa chupa zote kwa kitambaa kibichi, na chaki ikaondoka bila mimi kutambua.

Leo saa nne aliletwa Wambui kutoka Dundori. Alikuwa amejifungulia nyumbani na damu haikatiki. Mumewe alijitolea kutoa yake, lakini damu yake ni ya kundi jingine.

"Lete ile ya inosini, haraka!" daktari akasema.

Nikafungua friji. Chupa mbili, safi kabisa, zinafanana.

Nilipaswa kusema. Nikachukua ya kushoto.

Midomo ya Wambui ilipata rangi kidogo, nikamshukuru Mungu. Kufika saa tisa alikuwa amefariki. Mtoto yuko hai, msichana.

Daktari alikaa akamwandikia rafiki yake kwamba unga haufai kitu na ameachana nao. Akaniagiza nimwage chupa iliyobaki. Sijaimwaga. Daktari akiipima, ataona kama ndiyo iliyotiwa unga.

Mume alinishika mikono yote miwili. "Asante sana, daktari," akaniambia, kwa kudanganywa na koti langu jeupe. "Nimeona vile umekimbia." Akanilazimisha nichukue kikapu cha viazi alichokuwa amemletea mkewe.

Mimi ni mwoga. Nina watoto wanne, na bila kazi hii sina kibali cha kukaa mjini. Kuimwaga ni kazi ya dakika moja, na hakuna atakayejua.

Barua inaenda posta kesho saa mbili. Saa moja na nusu nitaiweka chupa ya kulia mezani kwa daktari na kumwambia habari ya chaki. Nimeandika haya hapa ili nisijidanganye asubuhi.

Mke wangu ananiita mara ya pili, chakula kinapoa. Amepika vile viazi. Anasema ni vitamu, na anauliza ni nani huyu aliyetukumbuka.